Vijiji vya milimani Naxos: kwa nini viko kule juu, na ukienda uangalie nini

Ukitafuta habari za kisiwa cha Naxos, kule Ugiriki, karibu kila tangazo la utalii litakwambia panda milimani ukaone vijiji vya kale ambavyo havijabadilika tangu enzi na enzi. Mi naona hiyo kauli ndo inaharibu safari za watu wengi, maana mtu anapanda basi akitegemea kukuta makumbusho ya wazi, anafika saa tisa mchana mtaa mtupu, milango imefungwa, wazee wawili wamekaa nje ya mgahawa kimya, anapiga picha tatu anarudi zake bichi na jioni anasema kule juu hamna kitu. Wakati ukweli ni kwamba hivyo vijiji havijatulia hata karne moja. Vimekimbia maharamia, vimelimia mabwana wa kigeni, vimechimba jiwe lililosaidia kulipa deni la nchi nzima, vimekufa njaa, vimehamia Athens karibu vyote, na kila Agosti vinajaa tena kwa wiki chache halafu vinabaki na wazee. Kila kitu utakachokiona kule, ukuta, kichochoro, mlango mdogo, kanisa limejificha kwenye mizeituni, kina sababu yake, na ukizijua hizo sababu hata ile saa tisa ya kimya inakuwa na maana.

Tuanze na ramani kidogo. Naxos ndo kisiwa kikubwa kuliko vyote kwenye kundi la Cyclades, kama kilomita za mraba 430, na katikati yake kuna mlima unaitwa Zas, yani Zeus mwenyewe, yule mkuu wa miungu ya Wagiriki wa kale ambaye hadithi zinasema alilelewa huku. Una zaidi ya mita 1,000 na hakuna mlima mrefu zaidi kwenye visiwa hivyo vyote. Mlima mrefu unakamata mawingu, mawingu yanaleta mvua, kwa hiyo Naxos ina kijani na chemchemi kuliko majirani zake kama Mykonos na Santorini ambazo ni kavu kweli kweli. Vijiji vyenyewe vimejipanga kuuzunguka huo mlima na kuelekea kaskazini: Halki, Filoti, Moni, Kinidaros, Apeiranthos ambayo wenyewe wanaiita Aperathos, Koronos, Skado na vingine. Kutoka mji wa bandarini, Chora, mpaka Apeiranthos hata kilomita 30 hazifiki, ila barabara ni kona juu ya kona.

Sasa swali la kwanza ambalo kila mtu analiuliza, kwa nini watu wa kisiwani waende kukaa mlimani na bahari ipo? Jibu la haraka ni maharamia, na ni jibu sahihi. Kwa karne nyingi bahari ya Aegean, hii iliyo kati ya Ugiriki na Uturuki, ilikuwa njia ya biashara na hapo hapo njia ya kuwinda watu. Meli inatia nanga usiku, alfajiri kijiji cha pwani kimechomwa na watu wameshapakiwa kwenda kuuzwa utumwani. Mwaka 1537 alipita amiri Hayreddin Barbarossa na majeshi ya majini ya Waosmani, yani dola ya Waturuki, visiwa vingine vya jirani vikaachwa magofu kabisa, na mtawala wa Naxos akaokoa chake kwa kukubali kulipa kodi. Ndo maana Chora wenyewe waliotaka kubaki pwani walijibana ndani ya ngome, Kastro, na wengine wote wakaenda ndani ambako haramia angepanda kwa masaa huku akionekana na kila mchunga mbuzi. Nyumba zimegusana migongo, ukuta wa nje kabisa hauna madirisha ya maana, vichochoro ni vyembamba na vina mapinda, vingine vinapita chini ya nyumba za watu kama daraja la mawe juu yako. Leo watalii wanasema ni vizuri kwa picha. Vilijengwa hivo ili mgeni mwenye silaha apotee na mwenyeji asipotee.

Lakini maharamia peke yao hawatoshi kueleza, na hapa ndo maelezo mengi yanaishia njiani. Watu wangeweza kukimbia maharamia wakafa njaa huko juu, si wangekuwa wamehama bure? Walikaa kwa sababu chakula kilikuwa kule. Ukitoka Chora ukapanda, ghafla barabara inafunguka kwenye bonde linaitwa Tragea, na bonde lote ni mizeituni, mingine shina lake limejisokota na kuwa pana kuliko mlango, na Halki iko katikati yake. Chemchemi ziko juu, udongo uko juu, na pale ambapo udongo ulikuwa hautoshi watu walijenga matuta kwa mawe makavu bila saruji, tuta juu ya tuta mpaka karibu na kilele, utayaona popote utakapogeuza macho na mengi sasa yameota vichaka tu. Pwani kulikuwa na mchanga, upepo wa chumvi na malaria kwenye vidimbwi. Kwenye visiwa vingi vya Ugiriki wazee wanahadithia kwamba shamba la ufukweni ndo lilikuwa urithi wa mtoto asiyependelewa, kwa sababu halioti kitu, halafu utalii ulipokuja miaka ya 60 na 70 yule aliyedhulumiwa ndo akawa tajiri wa familia. Kwa hiyo ukifika Naxos ukidhani bichi ndo kisiwa chenyewe na milima ni nyongeza, ujue umeanza kuisoma kutoka mwisho.

Halafu kuna mabwana. Mwaka 1207 alikuja Marco Sanudo, mtu wa Venisi, baada ya ile vita ya msalaba iliyoishia kuiteka Constantinople, Istanbul ya leo, badala ya Yerusalemu, akakichukua kisiwa na vingine vya jirani, akajifanyia utawala wake na makao yake makuu Naxos. Ardhi ikagawiwa kwa familia za Kilatini, yani Wakatoliki kutoka Ulaya magharibi, na wakulima wa Kigiriki waliokuwa juu yake wakawa wapangaji kwenye mashamba ya babu zao. Utawala huo ulidumu mpaka karne ya 16 Waosmani walipouchukua, ila cha ajabu mabwana wenyewe hawakuondoka, waliendelea kukusanya mazao hata chini ya Waturuki. Ile minara ya mawe mirefu utakayoiona Halki, Filoti na Apeiranthos, mmoja Halki unaitwa mnara wa Barozzi, wa Apeiranthos unaitwa wa Zevgoli, mingi ni ya karne ya 17, ndo zilikuwa nyumba za hao mabwana na wakubwa wa vijiji. Ni nyumba, ni ghala, ni ngome. Angalia juu ya mlango mkuu, kuna kijitundu au kibaraza kilichotokeza, hapo walimwagia mafuta ya moto au maji yanayochemka mtu aliyekuja kugonga vibaya, na msidhani ni maharamia tu waliogonga, saa nyingine walikuwa ni wakulima wenyewe wamechoka.

Kabla ya mabwana wote hao kulikuwa na makanisa, na hapa naomba usikimbie. Karibu na Moni kuna kanisa linaitwa Panagia Drosiani, limejengwa kwa mawe ambayo hayajachongwa vizuri na kuba zake zinafanana zaidi na vichuguu kuliko jengo, ni la karne ya 6 na michoro yake ya kwanza ya ukutani ni kati ya ya zamani kabisa Ugiriki. Na nje ya Apeiranthos, kwa mguu kwenye njia ya mawe, kuna kanisa dogo la Agia Kyriaki. Hili lilipambwa kipindi ambacho dola ya Bizanti, ile ya Kikristo iliyotawala kutoka Constantinople, ilikuwa kwenye ugomvi mkubwa wa kama ni halali kuchora sura za watakatifu, ugomvi ulioanza karne ya 8 na kwisha mwaka 843. Kwa hiyo mchoraji hakuchora Yesu wala Maria wala malaika. Alichora ndege. Wamejipanga mstari ukutani, wamefungwa vitambaa vyekundu shingoni, mtindo uliotoka mbali huko Uajemi, na rangi bado ipo. Kanisa liko peke yake porini, lilikuwa linaanguka, likakarabatiwa, na mwaka 2018 kazi hiyo ikapata tuzo ya Ulaya ya urithi. Mtu aliyepanda mpaka kule akawaona wale ndege hawezi tena kukwambia kule juu hamna kitu.

Ila kama kuna kitu kimoja nataka ubaki nacho ni smirida, maana bila smirida Apeiranthos na Koronos huwezi kuzielewa hata ukae mwezi. Smirida ni lile jiwe linalosagwa kutengenezea msasa na mawe ya kunolea. Ni jiwe jeusi, zito kuliko unavyotegemea ukilinyanyua, limekaa kama chuma kilichoungua na ukiligeuza kwenye jua linametameta vipunje vidogo vidogo. Ndani yake kuna madini ya korandamu yamechanganyika na chuma, na korandamu kwa ugumu inakaribia almasi, kwenye kile kipimo cha ugumu wa madini almasi ni 10 yenyewe ni 9. Inachimbwa sehemu chache sana duniani na kwa muda mrefu ya Naxos ndo iliyokuwa na jina kubwa zaidi. Miaka 5,000 hivi iliyopita watu wa visiwa hivi walikuwa wanachonga vile visanamu vyeupe vya marumaru vyenye mikono imekunjwa kifuani, unaviona leo kwenye makumbusho makubwa duniani, na ule ulaini wa marumaru ulitokana na kusuguliwa kwa smirida.

Kisha ukaja wakati wa viwanda, Ulaya nzima inataka kusaga na kunoa vyuma, na jiwe la Apeiranthos likawa mali ya serikali. Na sio mali ndogo. Ugiriki ilifilisika mwaka 1893, ikapigana na Uturuki mwaka 1897 ikashindwa, mwaka 1898 mataifa makubwa yakaleta tume ya kimataifa ya kusimamia fedha zake ili wadai walipwe, na kati ya mapato yaliyowekwa rehani, pamoja na chumvi, mafuta ya taa, viberiti, karata na karatasi za sigara, ilikuwemo smirida ya Naxos. Fikiria hapo, mtu anatambaa ndani ya shimo na taa ya mafuta, baruti mkononi, mke wake anasubiri na punda nje, na lile jiwe linahesabiwa London na Paris kama dhamana ya deni ambalo yeye hakulikopa.

Wanakijiji wenyewe walikuwa na haki ambayo wameishikilia mpaka leo: ni watu wa vijiji fulani tu vya huko juu, kama Apeiranthos, Koronos, Skado, Keramoti na Danakos, wenye ruhusa ya kuchimba, na anayenunua ni serikali. Ilikuwa kinga na ilikuwa kamba, kwa sababu bei anapanga mnunuzi mmoja. Mwanzoni jiwe lilishuka baharini kwa punda na nyumbu. Miaka ya 1920 ukajengwa waya wa angani wenye ndoo za chuma, unaning'inia kwenye minara kutoka machimboni mpaka bandari ndogo ya Moutsouna upande wa mashariki, kilomita kama 9, juu ya makorongo. Ule waya haufanyi kazi tena lakini upo. Ukishuka barabara ya Apeiranthos kwenda Moutsouna unaona minara imesimama mlimani moja moja, na sehemu nyingine ndoo bado zimening'inia zimeshika kutu, hakuna aliyekuja kuzishusha. Watu wengi wanapita hapo na gari la kukodi wanadhani ni mabaki ya umeme. Simamisha gari, shuka, angalia, kwa sababu yale machuma yanakueleza kilichowalisha watu wa hapa kuliko duka lolote la zawadi.

Kilichoiua biashara hiyo kilishaanza hata kabla ya waya kujengwa. Miaka ya 1890 Mmarekani Edward Acheson aligundua namna ya kutengeneza unga mgumu kiwandani kwa tanuru la umeme, na taratibu viwanda vikahamia kwenye vitu vya kutengenezwa. Machimbo hayakufa siku moja, yalififia, na mpaka leo kuna wachache wanaochimba kidogo kwa mwaka, sana sana kwa sababu kazi hiyo inawahesabia michango ya bima na pensheni.

Pigo baya zaidi lilikuwa vita. Mwaka 1941 Ugiriki ikakaliwa na Wajerumani na Waitaliano, bahari ikafungwa, smirida haiuziki, na kijiji cha wachimbaji hakina mashamba ya kujilisha wote. Majira ya baridi ya 1941 kuingia 1942 watu wengi wa Apeiranthos walikufa njaa, na hilo bado ni jeraha kule, kwa hiyo ukikuta bibi hakuachii utoke bila kuweka kitu mdomoni usione ni ukarimu wa kitalii. Ni mwaka huo huo, usiku wa tarehe 30 Mei 1941, vijana wawili walipanda Acropolis, ule mwamba wenye mahekalu ya kale kule Athens, wakaishusha bendera ya Wanazi. Mmoja alikuwa Apostolos Santas, na mwingine Manolis Glezos, kijana wa miaka 18, mzaliwa wa Apeiranthos. Glezos alifungwa na kuhukumiwa mara nyingi baada ya hapo, akawa mbunge, na mwaka 1986 akarudi kijijini kugombea uenyekiti wa jumuiya. Akashinda, halafu akafanya kitu ambacho viongozi hawafanyi, akachukua madaraka ya kiti chake akayapeleka kwenye mkutano wa wanakijiji wote, wao ndo waamue. Utaratibu huo ulifanya kazi miaka michache kisha watu wakachoka kuhudhuria na ukafifia. Alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 97. Na hicho kijiji kidogo kina makumbusho kadhaa, ya mawe, ya mambo ya kale, ya maisha ya watu, mpaka ya viumbe, na kwenye ile ya mambo ya kale kuna vibao vya marumaru vya miaka zaidi ya 4,000 vilivyopatikana karibu, vimegongwa gongwa kwa ncha kuchora watu, wanyama na mashua. Usiiruke.

Baada ya vita vijana waliondoka. Athens ilikuwa inajengwa, inataka mafundi na vibarua, na mtu wa marumaru na baruti hakosi kazi. Kwa hiyo nyumba nyingi utakazoziona zimefungwa hazijatelekezwa, zina wenyewe, wako Athens na ufunguo wanao, na Wagiriki wengi wanaendelea kujiandikisha kupiga kura kwenye kijiji cha asili hata kama wamezaliwa mjini. Hapo ndo kuna fundo jingine ambalo wageni hawalijui. Mwaka 1978 serikali ilitoa amri ya kuorodhesha mamia ya vijiji kuwa makazi ya jadi, na baadaye Cyclades zikabanwa zaidi, maana yake mwenye nyumba hawezi kuamka asubuhi akaongeza ghorofa au kuweka madirisha ya alumini ya rangi anayoitaka, lazima afuate urefu, umbo na vifaa vilivyokubaliwa. Mi naunga mkono hiyo sheria kwa moyo wote, bila hiyo Apeiranthos ingekuwa zege tupu leo. Ila ni haki kujua kwamba uzuri unaouona bure unalipiwa na mtu, fundi wa mawe ni ghali, kibali kinachukua muda, na kijana anayetaka kurudi kujenga kwao anaweza kushindwa wakati mgeni mwenye hela anayetaka nyumba ya likizo hashindwi.

Agosti yote hayo yanageuka. Tarehe 15 ni sikukuu ya Kupalizwa Maria, Panagia, na Filoti inafanya sherehe kubwa kuliko zote kisiwani, siku kadhaa, violin na lauto, ala ya nyuzi kama gitaa, mpaka kuche. Koronos wana hija yao ya Argokoiliotissa, Ijumaa inayofuata Pasaka yao ya Kiorthodoksi, watu wanashuka kwa miguu kwenda kanisani. Kinidaros ndo kijiji cha wanamuziki, familia ya Konitopoulos iliyoeneza nyimbo za visiwa Ugiriki nzima inatoka pale. Na Apeiranthos wana kotsakia, beti fupi za mistari miwili yenye vina, mizani minane kila mstari, zinatungwa papo hapo na kujibiwa papo hapo, arusini, msibani, mgahawani, hata kwenye uchaguzi. Mtu aliyekulia kwenye mashairi ya kujibizana ya pwani yetu hahitaji kuelezwa utamu wake, unatupiwa ubeti na wote wanakugeukia wanasubiri utoke vipi. Lahaja yao nayo inafanana na ya Krete, kisiwa kikubwa cha kusini, na wengi wanaamini mababu zao walitoka huko.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi. Naxos ina ng'ombe, kitu adimu Cyclades, kwa hiyo jibini lao la graviera ni la maziwa ya ng'ombe zaidi na jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya, viazi vyao pia. Halki kuna kiwanda kidogo cha familia ya Vallindras cha tangu 1896, wanatengeneza kinywaji cha kitron kwa kuchemsha majani, sio tunda, ya mti wa jamii ya malimau wenye matunda makubwa yenye ganda nene. Ya kijani ndo tamu zaidi, ya njano ndo kali, asiyekunywa pombe aende tu kuona ule mtungi wa shaba na bomba zake.

Jambo moja linanisumbua na sitaki kulificha. Ile mvua ya Zas haitoshi tena. Mwaka 2024 bwawa kubwa la kisiwa lilikauka, maji ya bahari yakaingia kwenye visima, wakulima wa viazi wakapata hasara, na huku chini hoteli zinazidi na mabwawa ya kuogelea yanajazwa. Sisemi usiende. Nasema mgeni anayelala kijijini kwenye chumba cha kawaida, akala kwenye taverna, yani mgahawa, ya kijijini na kuoga kwa kiasi, anakiachia kisiwa kingi na kukichukulia kidogo, na yule wa kupitia na basi la kuzunguka kisiwa, dakika chache kila kijiji, anafanya kinyume chake.

Basi ukiamua kwenda, usipange vijiji vitano siku moja, chukua viwili, hata kimoja. Kwa mwenye siku chache ningesema siku moja ya bonde: shuka Halki asubuhi, tembea njia za zamani za punda kwenye mizeituni mpaka Drosiani na Moni, zina alama na sio ngumu, rudi ule Halki au Filoti. Siku nyingine yote iwe ya Apeiranthos na machimbo, na mwenye miguu mizuri apande Zas kutokea kikanisa cha Agia Marina, njiani kuna mwamba umechongwa maandishi ya kale kwamba huu ni mlima wa Zeus. Mitaa ya Apeiranthos imetandikwa marumaru, imelainishwa na miaka ya nyayo, viatu vya soli laini utateleza hata pakiwa pakavu. Miezi mizuri ni Aprili mpaka Juni, halafu Septemba na Oktoba, Julai jua linachoma na Agosti nenda kama unataka sherehe, chumba ukiwa umeshakipata mapema.

Ile saa tisa ya kimya sasa unaielewa. Kiangazi sheria ya Ugiriki inataka utulivu kuanzia saa tisa mchana mpaka saa kumi na moja na nusu jioni, watu wamelala, kwa hiyo fika asubuhi au fika jioni, jua likishuka viti vinatoka nje na kijiji kinaamka. Salimia kabla ya kuuliza chochote, kalimera asubuhi, kalispera jioni, ukiingia mgahawani salimia wote kama ungefanya nyumbani, usipite kimya. Kabla ya kumpiga picha bibi anayefuma kwenye mtambo wake wa mbao omba, na kama unaweza nunua kitambaa, akina mama wa Apeiranthos wana kikundi chao cha ufumaji na kazi ni ya mkono kweli. Makanisa mengi yanakuwa yamefungwa, uliza mgahawani nani ana ufunguo, funika mabega na magoti. Beba noti za euro.

Kwa wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo unahitaji viza ya Schengen, ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na omba mapema sana kama ni ya kiangazi maana foleni za miadi ni ndefu. Ukitaka kukodi gari leseni ya nyumbani peke yake haitoshi, tengeneza leseni ya kimataifa kabla hujasafiri, na jaza mafuta Chora kabla ya kupanda. Asiyeendesha atumie basi, stendi iko pale pale bandarini Chora, tiketi nunua kabla ya kupanda na ratiba ya kurudi ipige picha kabisa, nje ya kiangazi mabasi yanapungua sana na la mwisho kushuka kutoka Apeiranthos linaweza kuwa mapema kuliko unavyodhani.